Kwa Hivyo Sisi Ndio Mazombi?

Kama umewahi kucheza Risk, unajua hasira ninayoongelea. Ubao una maeneo 42. Ulaya imepewa 7. Sisi wote wa huku tumekunjwa tukatiwa ndani ya eneo moja tu linaloitwa Afrika Mashariki. Mtu analiteka kwa kurusha dadu mara mbili hivi, halafu anaendelea na safari yake ya Misri. Albert Lamorisse, yule mtengenezaji filamu Mfaransa aliyeubuni mchezo huo na kuutoa 1957, hakuwa na ubaya na sisi. Hatukuwa akilini mwake tu, basi.

Likizo ya Agosti nikasema wacha nichore yetu. Nikanunua karatasi ya manila hapa mjini Kakamega, nikaiba maharagwe jikoni kwa mama, nikaanza kazi. Maharagwe ya nyayo ni jeshi la mchezaji wa kwanza, rosecoco la wa pili, mahindi la wa tatu. Ndengu ni mazombi. Ramani ina maeneo 28, kutoka Budalang'i hadi Lugari, kutoka Mlima Elgon hadi Vihiga. Mto Nzoia unaikata katikati na unavukwa sehemu nne pekee, kwa hivyo ukishika daraja umeshika roho ya mtu. Msitu wa Kakamega una maeneo matatu ambayo ni magumu kuyateka na hayakuletei faida yoyote, lakini ukiwa ndani ni kazi kukutoa.

Mazombi nao wa nini? Ni kwa sababu michezo ya kuteka maeneo ina ugonjwa mmoja: aliyetangulia hushinda, na aliyeondolewa mapema anabaki kuchezea simu kwa saa nzima. Nilitaka kitu cha kumsumbua aliye mbele. Jeshi lisilo na mchezaji, linalosonga lenyewe kila raundi, na kila askari linayemuua anageuka kuwa lao.

Toleo la kwanza lilikuwa balaa. Ukishambulia kwa dadu 3 dhidi ya mtu mwenye 2, unashinda zote mbili karibu asilimia 37 ya wakati, na unapoteza zote mbili karibu asilimia 29. Mshambuliaji anapendelewa. Kwa mchezaji hiyo ni sawa, maana anachoka, askari wake wanapungua. Zombi hachoki, anaongezeka. Kufikia raundi ya sita ndengu zilikuwa zimemeza ramani mpaka Butere na nyayo zote zimekwisha. Nikawapunguzia: zombi anarusha dadu moja tu. Dadu moja dhidi ya mbili inashinda kama mara moja katika kila nne. Hapo mchezo ukaanza kupumua.

Sasa swali likawa moja: wanaanzia wapi? Nikaweka Chetambe.

Nitakuwa mkweli, sikufikiria sana. Ukipita Webuye ukielekea Eldoret unaona ile milima imesimama juu ya mji. Nilijua kuna ngome ya kale hapo na kwamba watu wengi walikufa. Mlima, ukungu, makaburi. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa filamu tayari. Nikamwaga ndengu 12 juu ya Chetambe nikaita wasee waje wacheze.

Beshte yangu mmoja ni wa Webuye. Alikaa, akaangalia ramani, akaangalia zile ndengu. Hakupiga kelele.

“Buda, kwa hivyo sisi ndio mazombi?”

Nikacheka kwanza. Hakucheka. Alisukuma mahindi yake kando akasema yeye atatazama tu, na akatazama kweli, dakika kama arubaini, bila neno. Mimi ndiye niliyeshindwa kucheza.

Usiku huo nikaanza kusoma, na ningekuwa nimesoma kabla ya kununua manila.

Miaka ya 1890 Waingereza walikuwa na kituo Mumias, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Baadhi ya askari wao wa Kisudani walitoroka na bunduki wakawauzia Wabukusu. Kikosi kikatumwa kwenda kuzidai, kikashambuliwa, wengi wakauawa. Jibu lilikuja Agosti 1895. C. W. Hobley alitoka Mumias na jeshi kubwa: Wasudani, Waganda, Wamaasai, watu wa Wanga, na bunduki ya mashine. Wabukusu walikuwa ndani ya ngome zao, zile zenye kuta za udongo na mtaro kuzunguka. Lumboko ikaanguka kwanza. Halafu Chetambe, ambako Wabukusu na Watachoni walikuwa wamekimbilia. Kilichofuata hakikuwa vita vya dadu tatu kwa mbili. Mikuki na ngao upande mmoja, bunduki ya mashine upande wa pili. Waliokufa walikuwa mamia. Wengine walitekwa, na ng'ombe wakaswagwa hadi Mumias.

Halafu kuna hili la jina. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwaandika watu hawa kama Kitosh, jina walilopewa na wengine. Hawakujiita hivyo. Kwa hivyo kwenye ramani ya Waingereza kulikuwa na kundi lisilo na jina lake, linalokujia kwa wingi, na unalipiga risasi mpaka liishe. Niambie hiyo si filamu ya mazombi. Mimi nilidhani nimebuni kitu, kumbe nilikuwa nimenakili ripoti ya 1895 kwa ndengu.

Nikajaribu kutoroka kwa mlango wa nyuma. Nikasema zombi asiwe watu wa mahali fulani, awe ugonjwa. Na ugonjwa tunao, tena wa kweli. Malale ilipoingia Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne iliyopita, iliua zaidi ya watu 200,000 kufikia 1920. Mgonjwa anachanganyikiwa, analala mchana, anatembea kama hayupo, halafu anakufa. Kuanzia 1906 Gavana Hesketh Bell wa Uganda aliamuru watu wahamishwe kutoka ufuoni, halafu visiwani. Maeneo mazima yakabaki matupu. Kama mbuni wa mchezo, nilipenda hiyo: eneo ambalo hakuna anayelishika na hakuna anayeweza kulipita.

Lakini nikajiona tena nikitafuta ndengu za kuweka juu ya mgonjwa. Mtu ameumwa na mbung'o, amefukuzwa kwao, mashua yake imebaki nyuma, halafu miaka mia moja baadaye mimi niko Kakamega namfanya jini la kukimbiliwa. Nikafuta.

Hapo ndipo nikarudi kwa neno lenyewe. Wengi wetu tunamjua zombi wa George Romero, wa filamu ya 1968, yule anayekula watu kwa makundi. Huyo ni mtoto wa juzi. Zombi wa kwanza ni wa Haiti, na neno linaaminika kuwa lilivushwa bahari na watumwa kutoka upande wa Kongo. Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa la miwa, watu walifanyishwa kazi hadi kufa, na hofu ya zombi ilikuwa kwamba hata ukifa hutapumzika: mtu atakufukua akurudishe shambani. Zombi wa Haiti hali mtu. Yeye ndiye aliyeliwa. Tanzania wanamwita msukule na stori ni hiyo hiyo, mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe anamlimia mchawi usiku. Sisi tumeangalia filamu za Marekani mpaka tukasahau kwamba neno letu lilikuwa limeshaeleza yote.

Kwa muda nikafikiri basi misukule ni lile jeshi la Hobley, wanaopigana vita visivyo vyao. Hata hiyo haikukaa. Wale Wasudani ni mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua 1891, na mwaka 1897 waliasi kwa sababu walichoka kutumwa kila mahali. Msukule haasi. Na Mumia naye (watu wa Mumias, tulieni, nakuja kwenu) hakuwa amelala. Alikuwa na maadui pande zote, akaona wageni wenye bunduki, akapiga hesabu zake. Zilimlipa kwa muda, hadi 1909 akafanywa chifu mkuu. Halafu mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias yakaletwa hapa Kakamega, na yeye akabaki na cheo kinachopungua hadi alipofariki 1949. Mnaona, hata aliyecheza vizuri alinyang'anywa ubao.

Kuhusu kunyang'anywa ubao, hii lazima niiseme hata kama ni pembeni. Eneo letu lote lilikuwa Uganda, Mkoa wa Mashariki. Aprili 1902 likahamishiwa upande wa Kenya. Hakuna dadu iliyorushwa. Mtu alilala Mumias ya Uganda akaamka Mumias nyingine. Siwezi kuweka hiyo kwenye mchezo, nitapigwa.

Kilichookoa ramani ni Elijah Masinde. Wengi wanamjua kama mzee wa Dini ya Msambwa, wengine wanajua aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage kabla ya mambo ya dini. Msambwa ni roho ya waliotangulia. Septemba 1947 Masinde aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe, pale pale, kuwakumbuka waliouawa 1895. Miaka 52 ilikuwa imepita. Kwenye vitabu vya serikali eneo hilo lilikuwa limetekwa na kufungwa kitambo: chifu yupo, kodi inalipwa, mashamba ya wazungu yako ng'ambo kule Trans Nzoia. Na bado wafu wakahudhuria mkutano. Serikali iliogopa vibaya. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi wakaua watu 11, Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huo huo, na Masinde akakamatwa akapelekwa mbali, Lamu. Hakuachiliwa hadi uhuru ulipokaribia, na hata Kenya huru ilimfunga tena.

Nilisoma hiyo sehemu nimesimama. Hawa ndio wafu wanaorudi! Lakini hawali mtu, hawahami, hawaambukizi jirani. Wanarudi kwao na kukaa.

Kwa hivyo sheria mpya ni hii. Ukiteka eneo kwa nguvu, nusu ya askari wa eneo hilo waliouawa hawarudi kwenye bakuli. Unawaweka kando ya eneo, chini ya kifuniko cha soda. Raundi moja nahesabu kama miaka kumi. Raundi ya tano ikifika kifuniko kinafunuliwa na wanasimama ndani ya eneo lako, rangi yao ile ile ya zamani, si ndengu. Hawashambulii mtu. Wakiwa hapo, eneo halikuletei askari wapya hata kama ni lako. Una njia mbili. Unaweza kuwapiga, na utashinda kirahisi kwa sababu wanarusha dadu moja, lakini hao pia wanarudi chini ya kifuniko na raundi tano zinaanza upya, wakiwa wameongezeka mmoja. Au unapoteza zamu yako nzima, unatoa askari wako kadhaa na kuwaacha hapo, na hesabu inafungwa.

Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza kila mtu aliwapiga, na kufikia raundi ya 15 aliyekuwa mbele alikuwa na maeneo 19 yasiyomletea chochote. Alikasirika sana, akasema mchezo umeharibika. Kwangu hapo ndipo ulipoanza kufanya kazi. Mara ya pili wachezaji walianza kuzunguka maeneo yenye vifuniko vingi na kupitia msituni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya kabla. Mara ya tatu wawili walikubaliana bila vita juu ya daraja la Nzoia, kwa kuogopa hesabu ya baadaye. Shida iliyobaki ni urefu: raundi 15 ni saa tatu na nusu, na mama anauliza maharagwe yake.

Jamaa wa Mumias analalamika kwamba anayeanzia Wanga ana bunduki mapema halafu vifuniko vyote vinamwangukia yeye. Ana hoja. Bado nalifikiria.

Beshte wa Webuye alikuja hiyo mara ya tatu. Alisoma sheria mbili, akageuza kifuniko cha Chetambe akahesabu nyayo zilizo chini yake, akakirudisha. Halafu akaanza kufuata mpaka wa Uganda kwa kidole, polepole.

“Malakisi iko wapi?”

Haikuwepo. Nilikuwa nimeikunja ndani ya eneo moja nikaliita Sirisia.

“Leta kalamu,” akasema.