Tarehe ya Kadi

Hesabu ya kliniki ina jina la Mjerumani, Franz Naegele, aliyefariki mwaka 1851: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Sisi Makambako tulihesabu kwa mazao. Mwaka 1993 nilimwambia nesi, "mahindi mabichi yalipoanza." Kwao pwani, mahindi ya vuli huchomwa Februari, akaandika Februari. Huku kwenye baridi ni Aprili! Novemba wakasema mimba imepitiliza, nianzishiwe uchungu. Mkunga mzee akanipapasa tumbo, akakataa. Akaikata tarehe kwa mstari mmoja, ya zamani ikasomeka bado, akaandika Aprili na kutia sahihi. Mwanangu alizaliwa Januari.