Kaya Haikomi Mtoni: Tasnifu ya Uzamili na Mpaka wa Suam

Mwanafunzi wa uzamili wa sosholojia anayetoka Kitale au Bungoma na kutaka kutafiti maisha ya Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, hupewa ushauri uleule: punguza eneo. Chagua kaunti moja, ikiwezekana kata moja, chukua idadi ya kaya kwenye sensa ya 2019, fungua jedwali la Krejcie na Morgan la ukubwa wa sampuli, tunga hojaji. Kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayoidhinisha utafiti, nacho hutaja kaunti atakamofanyia utafiti. Kila hatua ina sababu yake. Zikijumlishwa, zinazaa sosholojia isiyoweza kuona kinachoifanya Suam iwe Suam. Makala haya yanadai kwamba mpakani, tasnifu inayofuata familia moja hadi uhusiano wake unapoishia ni kazi kamili ya kitaaluma, na kwamba tunakosea kuihesabu kuwa pungufu.

Kuhusu hali ya mahali hakuna ubishi mkubwa. Mto Suam hutelemka kutoka Mlima Elgon, ukatenganisha Endebess ya Trans-Nzoia na Bukwo ya Uganda, kisha ukaelekea kaskazini na kuwa Turkwel. Wasabaot wa huku na Wasebei wa kule wanasikizana lugha na kuoleana. Mahindi ya Bukwo huuzwa Kenya, na shilingi ya Kenya hupokewa madukani Bukwo.

Ubishi ni wa kipimo. Jedwali la Krejcie na Morgan lilichapishwa mwaka 1970, na kwa idadi kubwa ya watu hutoa 384, tarakimu inayojirudia katika tasnifu zetu kama sala. Wanaolitumia husahau sharti lake: kila anayehesabiwa awe kwenye orodha mara moja, na mara moja tu. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Endebess. Mama analima ekari moja hapo. Mume amekodi shamba Bukwo na hulala huko msimu wa palizi. Binti yuko Kitale kwa shangazi yake, anasoma. Mahindi ya ng'ambo na ya hapa yako ghala moja, gunia juu ya gunia. Msaidizi wa utafiti anauliza: nyumba hii ina ekari ngapi, na nani hulala hapa? Jibu lolote atakaloandika litaingia kwenye kompyuta bila shida, na lolote litapotosha. Ukiongeza hojaji hadi elfu moja, umeongeza upotoshaji kwa uhakika mkubwa zaidi.

Mlima huuhuu ulikwisha kutupatia njia nyingine. Walter Goldschmidt, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyewatafiti Wasebei mwaka 1954 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1969 kitabu kizima, *Kambuya's Cattle*, kuhusu kikao cha familia moja. Mzee Kambuya wa Kapsirika amefariki, na wanawe wanakaa kugawana ng'ombe. Kazi inaonekana nyepesi mpaka ng'ombe wanapoanza kutajwa mmoja mmoja. Huyu yuko zizini lakini ana mwenyewe kwingine. Yule ni wa marehemu ingawa hakuwahi kulala kwake. Wasebei walikuwa na mkataba waliouita namanya: mwenye haja ya mnyama wa kuchinja humpata kwa mwenzake, naye humkabidhi mtamba, ambaye hukaa kwa huyo mwenzake mpaka azae mtamba mwingine wa kubaki huko. Deni la namna hiyo huweza kudumu miaka mingi na kurithiwa. Kwa hiyo kuhesabu mifugo iliyomo zizini hakukuambii mali ya mtu. Kinachokuambia ni kusikiliza wanaobishana. Kikao kimoja kilifichua mtandao wa wadai na wadaiwa ambao hojaji ingeupita bila kujua upo. Utafiti huo ulijikita upande wa Uganda, na hapo ndipo mwanafunzi wetu ana nafasi ya kumpita Goldschmidt.

Mtahini wa nje atauliza: familia moja inawakilisha nini? Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell, aliyefanya kazi Zambia ya kikoloni, alilijibu hilo mwaka 1983. Kisa hakijumlishwi kwa idadi bali kwa mantiki: kinaonyesha jinsi mambo yanavyofungamana, na nadharia ndiyo inayokivusha hadi kwingine. Sijaona hoja iliyoliangusha jibu hilo. Nimeona tu watu wakilipita. Mahmood Mamdani, akiwa Makerere mwaka 2011, alilaumu utamaduni wa kazi za ushauri kwa kudhoofisha utafiti vyuoni. Nakubaliana naye nusu. Wafadhili hawajamlazimisha msimamizi yeyote kudai 384. Tunaidai wenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuisahihisha.

Kikwazo cha kweli ni cha kiutawala. Kuvuka mto kihalali kunahitaji idhini ya UNCST, baraza la sayansi na teknolojia la Uganda, juu ya kibali cha NACOSTI, na miaka miwili ya uzamili huisha haraka. Msimamizi mwenza kutoka chuo cha Uganda angefupisha njia hiyo. Faida ya kufuata uhusiano badala ya orodha huenda ikavuka uzamili wenyewe. Mgogoro wa ardhi wa Chebyuk, uliochochea vita vya kundi la wapiganaji la SLDF Mlima Elgon kuanzia 2006, ulihusu kwa sehemu kubwa nani aandikwe kwenye orodha ya wagawiwa. Orodha huandika jina moja kwa kila kipande cha ardhi, na ardhi ile ilikuwa imeshikwa na madai ya watu wengi.