Kidato cha Nne Ukubwani: Historia ya Njia ya Pili Tanzania

Mtanzania aliyekosa sekondari utotoni anaweza kupata cheti cha kidato cha nne ukubwani bila kurudi kuvaa sare. Husoma jioni au kwa masafa, hufanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na akifaulu hujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mizizi ya njia hiyo ni tawi la masomo ya nje ambalo Chuo cha Makerere cha Uganda kilifungua Dar es Salaam mwaka 1960. Baada ya Uhuru tawi hilo liliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Sheria Na. 12 ya 1975 ikalifanya kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yaani TEWW.

Kiu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kusoma na kuandika, kwani mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo, maarufu kama ngumbaru, yakaenea vijijini na viwandani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa chini ya asilimia 10. Ni kazi kubwa ambayo haijapewa heshima inayostahili.

Hata hivyo, ngumbaru haikumpa mtu cheti cha kuombea kazi. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na wengi waliomaliza darasa la saba walibaki nje kwa kukosa nafasi tu. Hao ndio waliofaidi elimu kwa njia ya posta, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970: vijitabu vilitumwa, mwanafunzi akajibu mazoezi, akayarudisha yasahihishwe, akasubiri.

Ufundi ulipita njia yake. Kuanzia 1975 vilifunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada na mfano wa Sweden, na vikazidi 50. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ilianzishwa kwa sheria ya 1994. Baadaye ikaanza kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji au kwenye ujenzi: fundi hupimwa kwa kazi yake mwenyewe, hufundishwa pale palipopungua, kisha hupewa cheti. Ni haki iliyochelewa, maana mwashi aliyejenga nyumba nyingi alihesabiwa hana ujuzi kwa kukosa karatasi.

Waliosahaulika zaidi walikuwa wasichana walioacha masomo kwa ujauzito. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu kurudi katika shule za kawaida. Asiyetaka kurudi huko anaweza kusoma katika vituo vya TEWW, ambako SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, umegharimia masomo ya wasichana wengi, na miaka minne ya sekondari hufupishwa kuwa miwili. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo hufundisha sekondari pamoja na ufundi, na vina mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako darasani.