Kolo: Kisiwa Kisicho na Bahari
Milima ya Irangi, Kondoa, imeinuka kama kisiwa juu ya nyika kavu, na hewa yake si ya joto kali. Kwenye miamba ya Kolo wamechorwa twiga, pofu na watu wembamba wekundu, ambao mwanaakiolojia Mary Leakey aliwanakili mwaka 1951. Wapo wanaotaka matambiko yanayofanyika Mungumi, mmoja wa miamba hiyo, yakomeshwe, maana pombe na mafuta yanayorushwa mwambani huchafua michoro. Madhara yapo kweli. Lakini UNESCO ilipoorodhesha eneo hili mwaka 2006, matambiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu. Ukiyaondoa, umeondoa nusu ya urithi wenyewe. Madhara mengine huletwa na mkono wa mtalii. Mgeni, usiguse mchoro, wala usiumwagie maji ili ung'ae pichani.