Swichi ya sola ikipata moto: tafuta chanzo kabla haijaunguza nyumba

Msikilizaji wetu, ukigusa swichi ya sola ukaikuta ya moto, usiiache mpaka kesho. Wengi hutuambia kuwa umeme wa sola hauna hatari kwa sababu haupigi shoti. Ni kweli volti 12 mara nyingi haimdhuru anayeigusa, lakini inaweza kuchoma nyumba.

Kwa nini swichi inapata moto?

Televisheni ya wati 60 kwenye umeme wa gridi wa volti 230 huvuta karibu robo ya ampia. Kwenye betri ya volti 12, wati hizo hizo 60 huvuta ampia 5, yaani karibu mara 20. Umeme mwingi namna hiyo ukipita mahali palipolegea au penye kutu, hugeuka joto. Na ampia zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Sababu za kawaida ni hizi:

- Skrubu inayobana waya imelegea.
- Vyuma vya ndani ya swichi vimeungua au vimeshika kutu.
- Swichi ni ya umeme wa gridi. Umeme huo hukatika na kurudi mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche huzimika haraka swichi inapozimwa. Umeme wa betri haukatiki. Cheche hukawia na kuunguza vyuma kidogo kidogo.
- Mzigo ni mkubwa. Inveta ikitoa wati 300 huvuta ampia 25 au zaidi kutoka betri ya volti 12. Swichi ya taa iliyoandikwa ampia 6 au 10 haiwezi kuibeba.

Joto liko wapi?

Gusa kwa mgongo wa kiganja. Kama kuna harufu ya plastiki kuungua, usiguse. Zima vifaa kwanza. Waya ukiwa wa moto kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni mwembamba kwa mzigo huo. Waya ukiwa wa baridi na swichi peke yake ina moto, tatizo liko kwenye skrubu au ndani ya swichi.

Hatua za kuchukua

1. Fanya kazi hii jioni, au funika paneli kwa blanketi. Vua saa na pete.
2. Zima vifaa vyote. Tenganisha paneli kwanza kwenye kontrola, kisha betri. Ukitoa betri kwanza wakati paneli inafanya kazi, kontrola inaweza kuharibika.
3. Fungua swichi. Ukiona weusi au plastiki iliyoyeyuka, ibadilishe. Usijaribu kuikwangua kwa msasa, itaungua tena.
4. Kama swichi ni nzima, kata ncha ya waya iliyobadilika rangi, menya upya mpaka shaba ing'ae, kaza skrubu, kisha vuta waya kuhakikisha hauchomoki.
5. Swichi mpya iwe na alama ya DC, na ampia zake zizidi za mzigo wako. Kupata ampia, gawanya wati kwa volti.
6. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Ikiungua, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi hufa ili nyumba ipone.
7. Unganisha betri kwanza, paneli mwisho. Washa vifaa, subiri nusu saa, kisha gusa tena.

Wakati wa kumwita fundi

Mwite fundi kama swichi mpya nayo inapata moto, au betri imevimba. Usifungue inveta wewe mwenyewe: upande wake wa pili hutoa volti 230, na hizo zinaua. Moto ukiwaka, toa watoto nje kwanza. Kama unaweza kufika kwenye betri bila hatari, kata umeme, kisha tumia mchanga mkavu badala ya maji. Moto ukizidi, toka.

Leo jioni, taa zikiwa zimewaka kwa saa moja, pitisha mkono kwenye kila swichi ya nyumba yako. Ukikuta moja ina moto, izime na ulale bila taa hiyo. Giza la usiku mmoja ni nafuu kuliko moto wa paa.