Waliokuja na Patasi

Wanapotajwa Wahindi wa Afrika Mashariki, picha inayowajia wengi ni ya mtu aliyekaa nyuma ya meza ya duka, mizani mbele yake na daftari la madeni ubavuni. Mimi ni mfanyabiashara na picha hiyo siikatai. Lakini katika majahazi yaliyong'oa nanga Mandvi, huko Kutch, na kusukumwa na kaskazi hadi pwani yetu, walikuwamo pia watu ambao mtaji wao ulikuwa mfuko wa zana: msumeno, tezo, keekee, randa na patasi za kila upana. Kwa Kigujarati fundi huyo huitwa suthar, na aliyebobea huitwa mistri. Katika sherehe hii tunawataja wafadhili wengi. Ni haki na mafundi nao watajwe.

Lugha yenyewe ina ushahidi. Seremala wa Kiswahili husema randa. Wa Kigujarati husema randho. (Parafujo tuliachiwa na Wareno, tusijitwalie kila kitu.)

Wala isidhaniwe kwamba babu zetu ndio waliowafundisha watu wa pwani kuchonga. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa uchongaji wake, miaka mingi kabla ya mitaa ya biashara ya Unguja kujaa Wagujarati. Walipofika waliukuta ufundi uliokomaa, wakaongeza wa kwao. Mchanganyiko huo ulishika kasi katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye kabla ya hapo alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay. Milango ya zamani yenye kichwa kilichonyooka ikaanza kupata wenzao wenye kichwa cha upinde na maua yaliyosongamana. Mlango wa Kigujarati hutambulikana upesi: mabawa yake yamegawanywa miraba midogo midogo, na hukunjika. Sababu ni ya kibiashara. Mwenye duka katika kichochoro chembamba alihitaji mlango usiozuia njia unapofunguliwa asubuhi.

Jengo linalodhihirisha ufundi huo kuliko mengine ni lile la zahanati ya zamani, pale ufukweni Unguja. Tharia Topan, tajiri Mwismaili mwenye asili ya Kutch, alilianzisha mwaka 1887; alifariki 1891, nalo likakamilika 1894. Roshani zake za mbao zimetobolewa mithili ya lesi, kazi ya mafundi walioletwa kutoka India.

Ufundi wenyewe ulikuwaje? Mti uliopendwa ni msaji, ulioagizwa kutoka ng'ambo kwa sababu una mafuta yanayowachukiza mchwa. Wa hapa petu walitumia pia mvule na mfenesi. Katika kuunga, fundi hakutegemea msumari. Mwishoni mwa ubao mmoja alichonga ulimi, katika mwimo akazibua tundu la kipimo kilekile, akavioanisha, kisha akapigilia kijiti cha mti mgumu kupita katikati. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kiungo cha mti kwa mti huvumilia mwendo huo, ilhali msumari wa chuma huliwa na kutu ya hewa ya bahari na kuuharibu mti unaouzunguka. Nakshi ilichorwa kwanza kwa bikari. Kisha patasi ilisimamishwa wima na kugongwa kwa nyundo ya mti kuufuata mstari, ndipo kina kikachimbwa taratibu, kwa kufuata nyuzi za mti, kwani anayekwenda kinyume chake hupasua kazi ya siku nzima. Mwisho ulisuguliwa kwa majani makavu ya mti wa msasa, ulioipa jina lake karatasi tunayonunua leo dukani.

Yaliyobaki yako hatarini. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, lakini milango ya kale iliendelea kuwa na wanunuzi, na nyumba nyingi zimeishia kuwa na mlango wa chuma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Majengo ya namna hiyo hayatengenezwi bila seremala anayejua ulimi na tundu. Wanaoujua leo ni mafundi wa Kiswahili wa Unguja na Lamu. Sisi wajukuu wa mistri aghalabu tunawauzia plaiwudi na bawaba.

Hata hivyo, kila mwaka siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, zana huoshwa, hutiwa kumkum na kuwekewa maua, wala hazitumiwi siku hiyo. Katika mwezi wa Shravan tunambembeza Krishna katika hindolo, pembea iliyochongwa na mikono ya watu hao. Katika kabati za jamaa zetu bado zimo randa na patasi za mababu, zimefungwa katika gunia. Mwenye nazo azipake mafuta ya nazi kidogo kuzuia kutu, asiupige rangi mpini, na amwite seremala wa mtaani aje amwoneshe mjukuu namna zinavyonolewa.