Ghuba ya Mikindani na Watu Wake



Kwa kawaida sisi tunaotunza vitabu vya chama huwaletea katika kijitabu hiki mapato na matumizi tu. Safari hii kamati imetutaka tuandike na historia, kwa sababu mchango wa mwaka huu haujengi darasa wala hauchimbi kisima. Ni mchango wa kuhifadhi kumbukumbu: kurekodi wazee wetu wangali hai, na kupima viwanja vya nyumba za mawe zilizobaki. Baadhi yenu mmeshauliza kwa nini fedha ziende kwenye magofu. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo.

Mtaji wa kwanza wa mji wetu ulikuwa maji. Ghuba ya Mikindani imekingwa na vilima na minazi, na mlango wake wa kutokea Bahari ya Hindi ni mwembamba, hivyo chombo kikishaingia ndani kinalala salama. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Kutoka bara iliteremka misafara. Wayao walileta pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na Wamakonde walileta mtama, sandarusi na mpira kutoka uwanda wao wa juu. Ndiyo maana hata leo, ukiita jina la ukoo pale Magengeni au Mitengo, utapata ndani yake Mmakonde, Myao, Mwarabu na Mhindi, na wote wanajiita watu wa Mikindani.

Misafara hiyo ilileta watu pia, wakiwa wamefungwa. Tusilifiche hili kwa kuwa kijitabu ni cha kuchangisha fedha. Sehemu ya utajiri uliojenga milango ya nakshi ilitoka katika kuuza binadamu, na biashara hiyo haikukoma siku ile ya Juni 1873 Sultani Barghash alipokubali kuipiga marufuku baharini. Miongoni mwetu wapo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, na pengine mtu mmoja ni wote wawili. Wazee wengi hawapendi kulisema. Wakiondoka bila kulisema, hakuna atakayelijua.

Mgeni anayefika leo huonyeshwa kibao cha David Livingstone. Alishuka Mikindani Machi 1866 baada ya kushindwa kupandia mdomo wa Mto Ruvuma, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, na alikaa kama wiki mbili kabla ya kwenda bara katika safari yake ya mwisho. Hatuna ugomvi na kibao hicho. Ila mtu wa wiki mbili ana kibao, na wapagazi waliopita hapo maisha yao yote hawana. Hata Chuma, kijana wa Kiyao aliyekuwa katika msafara huo, na mwenzake Susi, walioongoza kazi ya kubeba maiti yake hadi pwani, watoto wetu hawafundishwi majina yao.

Mjerumani naye hakupokelewa kwa ngoma. Kampuni yake ilipoanza kutwaa mamlaka ya pwani mwaka 1888, watu wa Mikindani na wa Lindi waliwafukuza mawakala wake, wakati uleule Abushiri alipokuwa akipigana kule Pangani. Von Wissmann alirudi na manowari na askari, na Mei 1890 mji ukachukuliwa. Boma lile jeupe kwenye mteremko, ambalo sasa ni hoteli, lilijengwa mwaka 1895. Tulipokuwa wadogo tulidhani limejengwa kwa ajili ya kuupamba mji. Simama mlangoni pake utazame chini: kila jahazi na kila paa la mji linaonekana. Ndiyo kazi liliyojengewa.

Lakini kilichoiangusha Mikindani si mzinga wa Mjerumani. Ni karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa karanga za Nachingwea ilitakiwa bandari ya meli kubwa. Ghuba yetu, iliyofaa majahazi kwa karne nyingi, ilionekana haifai kwa meli hizo. Wakachagua maji yenye kina ya Mtwara, mwendo wa kilomita 10 hivi tu. Zikajengwa gati, ikatandikwa reli, ukapimwa mji mpya wenye barabara pana. Ofisi zikahama, na maduka yakafuata ofisi.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu hustaajabia jambo hili kuliko yote. Mradi ulifutwa mwaka 1951, kabla gati hazijaanza kupokea meli mwaka 1954, na hasara ya paundi milioni 36 hivi ikafutwa katika vitabu vya London. Reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Leo Mtwara kuna kata inaitwa Reli, na reli yenyewe haipo. Mikindani ilipoteza bandari yake kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota za kutosha, na hasara yetu haikuandikwa kitabu chochote.

Yaliyofuata mengi wenyewe mmeyaona. Masika yakiingia, Kusini ilikuwa kama kisiwa. Tunakumbuka kulala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji, abiria wakishiriki mkate mmoja na maji ya dumu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata hapo, kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ziliendelea kututoa jasho miaka mingi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, na kati ya hapo, mwaka 2013, watu walipoteza maisha na nyumba zikachomwa. Waliotushangaa wakati ule, wakisema watu wa Mtwara wanapinga maendeleo, hawakuijua habari ya karanga.

Sasa turudi kwenye nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hudumu sana zikiwa na paa. Paa likiondoka, mvua huingia, boriti za mikoko huoza, na ukuta hauchukui masika mengi. Mara nyingi paa haliondoki kwa umaskini. Linaondoka kwa mirathi. Nyumba ya ukoo wetu sisi wenyewe ina warithi 17: wengine Dar es Salaam, wengine Tanga, mmoja Muscat. Kwa miaka minne tulibishana kwenye simu nani atoe fedha za mabati, na dari ya chumba cha bibi ikashuka tungali tunabishana. Mlango wa nakshi ukauzwa. Hatukuwahi kukubaliana nani aliuuza.

Kwa hiyo fedha zenu zitalipa mpima viwanja, kinasa sauti na nauli za vijana wawili wa nyumbani watakaozunguka kwa wazee. Paa halitajengwa mwaka huu, kwani huwezi kuezeka nyumba ambayo haijulikani ya nani.

Jambo moja halihitaji fedha. Mwenye sanduku la babu lenye hati za nyumba, barua za herufi za Kiarabu, stakabadhi za kodi ya kichwa au tiketi ya treni ya Nachingwea, aje nalo kwenye mkutano mkuu. Karatasi zitapigwa picha mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake papo hapo.